Miti Miwili ya Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi
Fundi Saa ana wiki tatu kaburini, na leo ndiyo mara ya kwanza nimevuka barabara kwenda kwake. Nilikuwa na sababu. Nimesikia mjane wake anatafuta mtu wa kuandika jina la ukoo la marehemu kwa Kichina, lugha ya babu zake, kwenye jiwe la kaburi, na kwamba yule wa duka la fotokopi ameshajipendekeza. Fotokopi! Mtu ambaye hajawahi kushika brashi! Nikamwambia mjane, Shemeji ninavyomwita, kwamba Kichina naandika, nilijifunza zamani. Akaniangalia kidogo. Akasema haya, ila Jumatatu ijayo anahamia kwa mwanawe, mbali, na angependa kuliona jiwe kabla hajaondoka.

Sijui hata mstari mmoja wa Kichina. Lakini nimeandika mabango miaka ishirini na sita. Herufi ni herufi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea mpwa wangu, binti wa dada, anayesomea Kichina chuoni. Anasema nina bahati, jina lenyewe jepesi: miti miwili imesimama bega kwa bega, mistari minane. Ila kuna utaratibu. Mlalo kwanza, kisha wima, kisha mkono wa kushoto, mwisho wa kulia. Mti wa kushoto ukamilike ndipo uanze wa pili. Na huo wa kushoto, mkono wake wa mwisho unafupishwa, ili umpishe jirani.

Nikamuuliza nani atajua nilianzia wapi, rangi ikishakauka. Akasema, mjomba, anayejua anaona.

Nimeandika mara arobaini. Mkono wangu unataka kuanza na wima. Kila mara mpwa ananirudisha mwanzo, kama darasa la kwanza. Kidole kimevimba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata wazo. Mti ni mti! Nimekata mmoja kwenye karatasi ngumu, nautumia mara mbili. Napaka kwa sponji, utaratibu kwisha. Mpwa sijamwambia.

Yule wa fotokopi alipita, akachungulia, akasema kwa upole kwamba yuko tayari kunisaidia. Upole wake ndio unaoniudhi. Ndiye aliyekuwa akimpelekea Fundi Saa magazeti hospitalini, mtaa mzima unajua. Mimi sikwenda. Tulikuwa hatusemezani, mwaka wa pili huu, kwa sababu ya bango langu kubwa lililomzibia mwanga dirishani. Aliniomba nilisogeze hatua mbili. Nikamwambia anunue taa. Akanunua.

Nilikusudia kwenda kumwona. Nilikuwa natafuta la kusema. Wiki ya kwanza niliona nitasema nilisafiri. Ya pili, kwamba niliumwa. Ya tatu hakuifikia.

Jumamosi, 8 Machi
Makaburini na Shemeji. Jiwe nililipaka jana, na lilipendeza, kusema kweli. Rangi nyeusi, kingo safi. Akapiga magoti, akaweka kidole kwenye mlalo wa kwanza, akaanza kulifuata jina kama anayeliandika upya. Kumbe mumewe alimfundisha walipooana, akimshika mkono.

Kidole kikashuka na wima, kikaenda kushoto, kikarudi. Kwenye mkono wa mwisho wa mti wa kwanza kikagonga mti wa pili. Kikasimama hapo.

"Huu haujampisha mwenzake," alisema.

Nikaanza kueleza kwamba mitindo iko mingi, kwamba kuna majimbo huko Uchina wanaandika hivi hivi. Akaniacha nimalize.

"Shemeji, alikuwa akikuulizia kila siku," akasema. "Alisema ukija utakuja na kisingizio kizuri sana. Alitamani kukisikia."

Akainuka, akajipangusa vumbi magotini. Alisema libaki hivyo hivyo, siku zenyewe hazitoshi. Nilifunga duka saa nane mchana, nikakaa nyuma ya makopo ya rangi, nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Jumapili, 9 Machi
Kesho Shemeji anaondoka. Mpwa amekuja kuniambia nivuke barabara tu, niseme samahani kwa mdomo wangu, dakika moja, basi. Mlango wa Shemeji uko wazi. Namwona anafunga masanduku.

Lakini samahani kavu, baada ya yote haya? Mtu atanionaje? Nimemwambia mpwa aniandikie neno hilo kwa Kichina. Herufi tatu, mistari kumi na tisa. Nitaliandika kwenye ubao wenye fremu, nimkabidhi kesho akipanda gari. Mpwa amesema siku moja haitoshi, akaondoka bila kuaga. Vijana hawana subira.

Ameniachia namba kwenye kila mstari, moja mpaka kumi na tisa. Nimeanza na wa mwisho, ndio mrefu, nikiumaliza huo nitakuwa nimepunguza kazi.

Shemeji ametoka sasa hivi. Amesimama mlangoni, anaangalia upande huu. Nimemwonyesha brashi kwa mbali, ajue nina kazi.