Mbu Wangu Hawafi

Jumatatu, 12 Januari
Binti yangu Ningsih kapiga simu kutoka mjini Semarang. Hamleti mjukuu wangu Ratri hapa mpaka mlango ubandikwe kadi ya Nyumba Haina Viluwiluwi. Mtoto aliugua homa ya dengi mwaka jana, mama yake hataki mchezo. Na kadi anazo nani? Mama Lasmi, mkaguzi wa mtaa, yule wa tochi! Haidhuru. Nimenunua makopo mengine sita ya dawa ya mbu ninayopuliza kila siku. Nyumba imejaa moshi. Mke wangu kahamia barazani, kasema afadhali mbu.

Jumanne, 13 Januari
Nimepuliza mara nne. Mbu mmoja katua juu ya kopo lenyewe!

Jumatano, 14 Januari
Mama Lasmi kaja. Makopo niliyapanga vizuri, hakuyatazama. Kaenda moja kwa moja kwenye ndoo yangu ya siri nyuma ya jiko. Viluwiluwi tele. Nikakiri: chakula cha Gentong, samaki wangu wa kupigana. Kadi kaninyima. Kachota kikombe kizima, ati wakapimwe. Wizi mtupu.

Jumatatu, 26 Januari
Majibu. Viluwiluwi wangu wamekuwa mbu. Ishirini na watano wametiwa kwenye chupa yenye dawa saa nzima. Kesho yake ishirini na wawili wazima! Nikauliza kama kuna kombe.

Mama Lasmi hakucheka. "Mzee Kardi, dawa ile ile kila siku inaua wanyonge tu. Wanaobaki ndio wanaozaa, na wewe unawalelea watoto. Mwaga maji, sugua ndoo. Hakuna mbu aliyezoea ndoo kavu."

Nimeona haya. Kidogo.

Jumanne, 27 Januari
Mke wangu kamwaga ndoo mbele ya macho yangu. Tangi la bafuni halimwagiki, maji ya bomba ni ya kubahatisha, basi nimemtia Gentong humo. Kufikia adhuhuri hakuna kiluwiluwi hata mmoja. Mama Lasmi kakagua tena na kadi imebandikwa! Nimeisoma mara tatu.

Jumamosi, 31 Januari
Ratri kafika! Kalala mchana kifuani pangu, hakuumwa na mbu hata mara moja. Nimefurahi mpaka machozi. Mama Lasmi kapita akatupongeza. Pongezi nimezipokea peke yangu.

Shida ni Gentong. Tangi limekwisha chakula, naye ana pambano mwezi ujao. Nimewaza sana maneno ya Mama Lasmi: wanaobaki ndio wenye nguvu. Chakula cha bingwa hicho! Kopo moja limesalia, litanichujia wanyonge. Ndoo mpya nimeiweka nyuma ya banda la kuku la Mama Lasmi. Huko hatakagua.