Mbao Mbili za Sentimita Kumi

Jumatatu, 7 Julai. Kaji-Sai, kando ya ziwa.

Binti yangu Meerim amepiga simu. Anakuja Jumapili. Akinikuta bado nimekaa karibu na jiko nikitazama ukuta, atanichukua nikaishi naye Bishkek, ghorofa ya nne. Amesema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Akipandisha sauti, jambo ni dogo. Akiishusha, funga mizigo.

Nikamwambia siwezi kuhama, nina biashara. Akauliza biashara gani. Nikatazama dirishani. Jirani yangu Sagyn alikuwa anapita kwenda ufukweni na zile mbao zake za kujazwa upepo, ambazo wageni wa kiangazi husimama juu yake ziwani na kupiga kasia. Nikasema: mbao. Nakodisha mbao. Akasema, "Baba, wewe unaogopa beseni."

Si kweli. Beseni siliogopi.

Mke wangu Zuurakan alizipenda mbao zile. Alikuwa akikaa kwenye ukuta wa mawe na ushonaji wake, pini mdomoni, anazitazama. Alisema siku moja angekaa juu ya mmoja, katikati ya ziwa, anywe chai bila mtu kumwita. Nikamwambia kiangazi kijacho. Alifariki Februari.

Jumanne, 8 Julai

Alfajiri nimemuuza ng'ombe. Yule wa Zuurakan, mwenye doa jeupe. Mnunuzi: Sagyn. Hakuna mwingine aliyekuwa macho.

Basi hadi sokoni Karakol. Mbao zinauzwa na mama mmoja mwenye meno ya dhahabu, kati ya viatu na mabirika. Alikuwa na aina mbili, zimejazwa tayari: unene wa sentimita kumi na wa kumi na tano. Nikazipima kwa ngumi, kama Zuurakan alivyopima matandiko ya kukalia aliyoshona. Bonyeza. Ukigusa sakafu, tandiko ni jembamba, ongeza sufu. Ubao wa kumi: mgumu kama mkate wa juzi. Wa kumi na tano: vilevile. Sakafu sikuigusa kokote. Sasa hizo tano za ziada ni za nini?

Mama akaniuliza kilo zangu. Nikasema themanini. Akalitazama tumbo kwa muda. "Themanini za upande gani, mzee?"

Akasema mtu mzito achukue mnene, mwembamba utampinda katikati. Lakini ng'ombe alitosha mbao mbili nyembamba au mmoja mnene, na biashara ya ubao mmoja si biashara. Nimechukua mbili nyembamba, na pampu na kasia. Safari ya kurudi nilizipakata kama wajukuu.

Jumatano, 9 Julai

Jaribio. Kilo mia na nne, hapa naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma.

Kupiga pampu kumenichukua asubuhi nzima. Nikaingia majini, nikaupanda kwa magoti. Ubao ukapinda katikati, ncha ya mbele ikainuka, ya nyuma ikainuka, na mimi chini bondeni na maji yamenifika kiunoni. Ziwa hili hata Julai lina baridi ya kisimani.

Sagyn alikuwa ufukweni na wageni wake. "Dolot! Umekalia ubao au umekalia bakuli?"

Wageni wakacheka. Mmoja akapiga picha.

Jioni ng'ombe amekuja langoni. Amevunja ua wa Sagyn. Amesimama pale, saa ile ile ya kukamuliwa, anatazama mlango wa jikoni. Nikatoka nikamwambia hayupo. Hakuondoka. Sagyn akaja na kamba kumchukua. Hakunitania. Afadhali angenitania.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata.

Nilikuwa nimekaa mbele ya rundo la matandiko ya Zuurakan, yale kumi na nne yaliyopangwa ukutani hadi karibu na dari. Nikakumbuka alivyokuwa akiwaketisha watu. Jirani wa kila siku, tandiko moja. Mkwe, mawili. Mjomba wangu wa Naryn, mwenye mgongo mbaya, matano, akakaa juu kama amepanda farasi na chai yake tulimpandishia. Hakushona tandiko nene hata siku moja. Alisema ukitaka unene, panga.

Kumi juu ya kumi ni ishirini. Sagyn ana kumi na tano tu.

Nimempigia Meerim, nimemwambia nina ubao mnene kuliko wote ufukweni. Akauliza ng'ombe anaendeleaje. Nikasema anakula vizuri. Hilo ni kweli, anakula kwa Sagyn.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefunga mbao mbili, moja juu ya nyingine, kwa ule mkanda wa sufu uliofungia hema letu la harusi. Mkanda umekaa miaka thelathini na minane bila kukatika. Nikajaribu pale maji yanapofika magotini. Dakika mbili. Haukupinda sana. Nilisimama. Nilisimama kweli, mikono wazi, kama mtu aliyetundikwa akauke.

Sagyn akaja kuangalia. Akazunguka mara moja, mikono nyuma. Akasema ndani ya ubao mna nyuzi elfu na elfu zilizoshika juu na chini, ndizo zinazoukaza, na kadiri zilivyo ndefu ndivyo usivyopinda. "Zako ni mbili nyembamba, jirani. Zimelala tu pamoja. Na sufu ikilowa inalegea. Hata kondoo anajua."

Wivu. Nimeuandika hapa ili nisisahau.

Akasema pia kama nataka nichukue mmoja wake wa kumi na tano Jumapili, nimwoneshe binti yangu, yeye hatasema kitu. Nikakataa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimechagua tandiko la kuweka juu, kwa kuwa mgeni haketi kwenye mpira mtupu. Lile la velveti nyekundu, la mwisho. Alikuwa hajamaliza kulishona. Upande mmoja ulikuwa wazi, sindano bado imechomekwa. Nimeufunga mwenyewe leo, mishono mikubwa, imepinda kama njia ya mbuzi. Vidole vimetoka damu. Angeuona mshono ule angesema "mm". Ukiwa na pini mdomoni, "mm" moja ni ndiyo na mbili ni hapana. Kwa mshono ule angesema tatu.

Birika la chai lipo tayari. Meerim atakaa, mimi nitapiga kasia nikiwa nimepiga magoti, tutafika katikati. Atakunywa chai pale mama yake alipotaka kuinywa. Baada ya hapo nani atamwambia baba wa namna hiyo aende ghorofa ya nne?

Jumapili, 13 Julai

Naandika na blanketi mabegani.

Meerim alifika saa nne. Ng'ombe alikuwa langoni. Meerim akamkumbatia shingo, akasema afadhali, angalau huyu anatunzwa. Akalia kidogo kwenye manyoya. Hapo hapo Sagyn akatokea na kamba yake. Akasalimia. Akamchukua. Meerim akanitazama, kisha akatazama zizi tupu.

Nikamwomba aje ziwani kwanza. Akaja. Akaliona tandiko, akaupapasa mshono, akaniuliza nani ameshona hivi. Nikamwambia. Akapanda.

Mita hamsini, vizuri kabisa. Akamimina chai. Akasema mama angefurahi. Alisema hivyo, naandika neno kwa neno: "Mama angefurahi, baba."

Kisha mkanda ukalegea. Ubao wa juu ukateleza polepole, kama droo inayofunguliwa. Meerim, birika na tandiko wakaenda upande mmoja, mimi mwingine. Alikuwa anaweza kuogelea. Lakini alikuwa hataki kuliachia tandiko. Lilikunywa maji, likawa zito, likamvuta, na yeye analivuta. Nilikuwa nimekumbatia ubao wangu nikipiga kelele aliachie. Sagyn alifika na ubao wake wa kumi na tano, akambandua vidole kwenye tandiko kimoja kimoja.

Lilizama. Rangi nyekundu ilionekana muda mrefu, maji yale ni maangavu.

Ufukweni Meerim alitetemeka ndani ya koti la Sagyn. Nilingoja apandishe sauti. Akaishusha. "Baba. Funga vitu vyako."

Jumamosi, 2 Agosti. Bishkek.

Ghorofa ya nne. Kutoka dirishani naona dirisha jingine.

Meerim ni mwema. Ananipikia asubuhi na jioni, na mizani ya bafuni inasema mia na saba. Matandiko kumi na matatu yamepangwa chumbani kwangu. Usiku nayahesabu, nafika kumi na matatu, naanza upya.

Leo nimekaa juu ya mawili, nikateleza. Nikaongeza la tatu. Nikatulia kabisa. Nikashangaa sikuliona mapema.

Kumi, kumi na kumi ni thelathini.

Nimempigia yule mama wa Karakol. Nimeagiza ubao mmoja zaidi, wa kumi, na kamba ya nailoni. Akaniuliza kama nimepungua. Nikamwambia sabini na tano, msiba hupunguza watu. Akasema pole.

Kisha nimempigia Sagyn. Anasema ng'ombe bado anavunja ua kila jioni na kwenda kusimama langoni kwangu. Nimemwomba amwambie nakuja.