Nyanya Zinazoona Haya

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, mwenye shamba, katangaza: Ijumaa anakuja mnunuzi mkubwa wa nyanya. Akiridhika, atachukua mzigo wa msimu mzima. Asiporidhika na banda langu la plastiki la kuoteshea nyanya, umeneja anapewa Bibi Shamba, msimamizi wa banda la pili. Kasema mbele ya wafanyakazi wote! Dada yangu akainamia viatu vyake.

Nimekagua nyanya. Kijani tupu! Bibi Shamba akasema ziko sawa, tumpigie mnunuzi tumuulize anazitaka vipi. Nikamwambia meneja ni mimi. Cheti kimoja tu, anajiona chuo kizima.

Jumanne, 5 Machi
Dawa nimepata. Ndizi mbivu huivisha chochote kilicho jirani. Mama alifanya hivyo kabatini miaka yote. Nimetundika mikungu sita katikati ya mistari ya nyanya, nikashusha mapazia ya banda pande zote. Mpishi wa wafanyakazi kaulizia ndizi zake. Nikamjibu ni utafiti. Akasema basi leo watu watakula utafiti.

Jumatano, 6 Machi
Humo ndani ni tanuri. Mvunaji mmoja katoka akiyumba, anadai kaona nyota mchana. Nikamkumbusha kwamba mchumia juani hulia kivulini. Akanijibu kwanza afike hai kivulini. Lakini nyanya tatu zimeanza kuona haya! Bibi Shamba kapandisha mapazia yake yote. Wivu, hakuna kingine.

Alhamisi, 7 Machi
Nyekundu! Karibu zote! Wasio na jicho wataita rangi ya chungwa. Nimetokwa na machozi, sifichi. Wiki nzima naogopa kurudi kulala sebuleni kwa mama na umri huu.

Ijumaa, 8 Machi
Mnunuzi kafika na lori. Kabonyeza nyanya yangu, kidole kikazama. Akauliza kwa upole kama najua mzigo unasafiri siku tano. Yeye huchukua za kijani, ziive njiani. Akaingia kwa Bibi Shamba, akatoka anatabasamu kama bwana harusi.

Shemeji hakufoka. Afadhali angefoka. Kaniomba funguo za ofisi tu, huku anatazama pembeni. Aliyenitetea nisifukuzwe ni Bibi Shamba mwenyewe! Nimeumia mpaka nimekosa hamu ya kula.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepewa kibanda cha pilipili hoho. Dada kaniambia nikiharibu na hapa, yeye hataweza tena kumsemesha mumewe. Wiki ijayo anakuja mama mmoja mwenye hoteli kuziona. Bibi Shamba kaniandikia namba ya huyo mama kwenye karatasi, kasisitiza nimpigie kwanza nijue anataka rangi gani. Karatasi imefaa sana, meza ya chumbani ilikuwa inacheza.

Nimekaa, nimelitafakari kosa langu kwa moyo mweupe. Ndizi zilikuwa chache.