Mjomba Akipiga Chafya

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, mume wa dada na mwenye studio hii ya picha, anasafiri Jumamosi. Ametutangazia: atakayewahi kuzipa majina na namba picha za harusi ya binti wa muuza nyama ataachiwa funguo, pamoja na kile kiti chake cha kuzunguka. Tunashindana wawili, mimi na Miwani wa dawati la pili. Picha zilezile, kila mtu na kompyuta yake. Miwani kaanza moja moja, ulimi nje. Maskini! Mimi nina dirisha jeusi la amri kwenye skrini. Unaandika amri moja, mashine inajituma yenyewe. Kiti kile nimekitamani tangu siku ya kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Amri iko tayari. Sijaibonyeza, maana nikimaliza leo, Shemeji ataniongezea kazi. Badala yake nimetunga amri nyingine ya kushusha herufi za kijani kwenye skrini bila kukoma. Nikalala nimekaa, kidevu mkononi. Shemeji kapita, kamwambia Miwani aangalie wenzake wanavyochapa kazi. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Machi
Nimebonyeza. Kufumba na kufumbua, imekwisha. Nikafungua folda. Picha moja! Nilisahau kutaja namba. Kila picha imeitwa Harusi, na kila iliyofuata imeifuta iliyotangulia. Iliyosalia ni ya mwisho: mjomba wa bibi harusi akipiga chafya. Nikakimbilia pipa la taka la kompyuta. Tupu. Dirisha jeusi halipiti kwenye pipa, wala halikuniuliza kama nina uhakika. Nimeogopa kweli, jasho mpaka kwenye soksi.

Alhamisi, 6 Machi
Akili imerudi. Kompyuta zetu zimeunganishwa kwa waya. Miwani akienda kula, nanakili picha zake na kuziita zangu. Amri fupi tu: kutoka wapi, kwenda wapi, na huko kuwe sawasawa na huku. Kaondoka, nikabonyeza. Kwangu bado mjomba. Nikachungulia kwa Miwani. Mjomba! Nilipindua kutoka na kwenda. Angalau sasa tuko sare.

Ijumaa, 7 Machi
Muuza nyama kaja kutazama picha. Nikamwahi, nikamweleza kwamba mitindo imebadilika, siku hizi picha moja inatosha. Kauliza binti yake yuko wapi. Nikamwonyesha kiwiko pembeni. Kauliza mimi naandika kwa mkono upi.

Miwani kalia machozi, kazi yote imepotea. Roho iliniuma kidogo, nikasema huenda ni virusi. Akajifuta, akaja kwenye dirisha langu jeusi, akabonyeza mshale wa juu. Sikujua! Dirisha hilo linakumbuka kila ulichoandika. Amri zangu zikajitokeza moja baada ya nyingine, hadi ile ya herufi za kijani. Shemeji kazisoma zote. Dada ndiye aliyetuokoa. Yeye ndiye aliyepiga picha, na kadi za kamera hajazifuta.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kasafiri. Miwani ana funguo, na anazunguka kwenye kiti. Mimi nina ufagio. Dada kaacha kadi mezani, kaonya zisiguswe, kwani picha hazipo kwingine kokote. Kwingine kokote! Hatari tupu. Katika familia lazima awepo mtu wa kufikiria. Wote wametoka kunywa chai, nami nimezichomeka nizitolee nakala. Shemeji akisikia nilivyomwokoa, kiti ni changu. Safari hii niko makini: kwanza unaandika kutoka, kisha kwenda. Au ni kwenda kwanza? Nabonyeza, tutaona.