Ombi la Kurudishiwa Dada Yetu Aliyepewa Nyumba

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Makazi,
Ofisi ya Nyumba za Watu Wenye Ulemavu,
Ghorofa ya pili, juu ya ngazi, mlango wa mwisho.

KUH: DADA YETU, NYUMBA NAMBA TISA

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini wewe na wa nyumbani kwako hamjambo. Sisi huku hatujambo kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichonishikisha kalamu.

Mimi ni seremala, kaka mkubwa wa yule mwanamke wa kiti cha magurudumu uliyempa nyumba namba tisa. Nyumbani tunamwita Malkia, maana malkia hakanyagi chini. Barua yenu ilisema kwamba bado yuko kwenye majaribio, na ndugu mwenye pingamizi alilete kabla ya mwezi huu kwisha, la sivyo nyumba itakuwa yake moja kwa moja. Pingamizi ninalo. Nimelipanga kwa namba usije ukahangaika. Utanisamehe mwandiko, kwa sababu barua zote za familia yetu huandikwa na Malkia, na hii ni ya kwanza kutoka mkononi mwangu tangu nitoke shule.

1. Ana ufunguo. Sina ugomvi na ufunguo wenyewe, ni mzuri, na kitasa kimefungwa na fundi anayejua kazi yake. Ugomvi wangu ni kwamba anautumia. Juzi nilikwenda kumjulia hali nikakuta amefunga mlango na ameondoka. Nikasimama pale kama mdai. Muuza matunda wa pale kona ndiye aliyeniambia kwamba Malkia amepita, amenunua papai, akaendelea mbele. Mbele wapi? Hajui. Aliporudi nikamuuliza alikuwa wapi, akanijibu kwamba alikuwa anazunguka tu. Mheshimiwa, dada yangu ana umri wa miaka thelathini na nane na hajawahi kuzunguka tu.

Kwetu hilo haliwezekani. Mlango wetu una vidato vitatu. Akitaka kutoka aliuliza kutoka ndani nani yupo, mimi nikashika mabega, mdogo wetu dereva akashika miguu, tukamtoa, kisha tukarudi kuchukua kiti. Tukiwa kazini, alingoja. Tukichelewa, alingoja. Siku ya harusi ya rafiki yake tulipata dharura, basi akangoja mpaka harusi ikaisha, wala hakulalamika. Alivua hereni akazirudisha kwenye kikopo chake. Huo ndio usalama.

Wapo watu wa midomo wanaouliza kwa nini mimi, fundi mzima, sikuweka mteremko pale mlangoni. Ni swali la watu wasiojua mapenzi. Karakanani kwangu ninao ubao mpana wa mteremko, wa mbao ngumu, wa kupandishia makochi kwenye gari. Kochi linapanda kwa ubao kwa sababu kochi halina kaka. Dada yangu anao wawili.

2. Ameacha familia bila msaada. Hapa naomba unielewe vizuri: huyu ni mtu anayetutegemea kwa kila kitu, na ushahidi ni kwamba tangu aondoke hakuna kitu kinachokwenda. Mama anatumia dawa za aina tatu, na vikopo vyake vinafanana kama pacha. Sasa kila jioni tunampigia Malkia simu tumsomee maandishi, naye anatuambia kipi ni kipi. Mwanangu wa pili ameleta alama ya hesabu ambayo mimi nilidhani ni namba ya darasa. Mdogo wangu anaendesha gari la kampuni akiwa na shati lililoshikwa na pini. Mke wangu na mke wa mdogo wangu wamenuniana kwa sababu ya ndoo. Zamani kila mmoja angekwenda kumsema mwenzake kwa Malkia, kwa zamu, na wote wakatoka roho nyeupe. Alikuwa anakaa pale dirishani na cherehani yake, na mtu asiyekwenda popote hapotei, ukimtaka unampata. Miaka yote hiyo sisi ndio tuliomtunza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Mheshimiwa, ninyi mnaweza kudhani ilikuwa kazi rahisi.

3. Nyumba yenyewe ina kasoro. Nimeikagua kwa jicho la fundi. Milango ni mipana mno, mtu anaingia bila kujipanga. Bafuni hakuna kizingiti. Ukutani kuna bomba la chuma ambalo nilitundika taulo, nikaambiwa si la taulo, ni la kujishikia. Sinki liko chini, swichi ziko chini, nilipotaka kuosha kikombe nikainama mpaka mgongo ukanikumbusha umri wangu. Kabati la juu halipo kabisa. Niliomba chumvi nikaonyeshwa droo iliyo karibu na goti langu. Na kile kioo cha bafuni, Mheshimiwa, nilijitazama nikaona tumbo. Nilirudi nyuma, nikaona tumbo na mkanda. Siku nzima pale ndani nilikuwa nauliza hiki kiko wapi, kile nakifikiaje, naomba nisaidiwe. Yeye akawa anapita huku na huko ananihudumia, akaniambia kwa upole nikae tu, nisijisumbue, atafanya yeye. Maneno hayo nayajua. Ni yangu.

Nauliza kwa nia njema: je, ni halali kujenga nyumba ambayo mtu mwenye miguu yake miwili anaingia mzima na kutoka mlemavu?

4. Majirani. Namba nane anakaa kinyozi asiyesikia. Anaongea kwa mikono, na dada yangu, ambaye hajakaa pale hata msimu mmoja, tayari anamjibu. Nilikuwa nimekaa katikati yao. Walicheka mara mbili. Sina ushahidi kwamba walinicheka mimi, lakini kinyozi alichora hewani kitu cha mviringo kilichofanana sana na tumbo.

Namba kumi ni nzito zaidi. Hapo yuko fundi redio asiyeona. Nasikia amekuja kuitengeneza redio ya Malkia mara nne. Ile redio naijua, nilimnunulia mimi, na ilikuwa nzima. Nilipofika mara ya mwisho niliikuta mezani imefunguliwa kifuniko, wao wawili wanakunywa chai, na Malkia amevaa hereni. Hakukuwa na harusi siku hiyo. Nilikohoa. Fundi akanisalimia kwa cheo changu kamili, kaka mkubwa, seremala, akasema amenisikia mara nyingi. Nilitaka kumkazia macho, nikakumbuka kwamba haitasaidia.

Mheshimiwa, kwetu mwanaume hakuweza kufika karibu naye bila kutupita sisi. Ninyi mmempa ua lisilo na mlinzi na majirani wanaobisha hodi.

5. Hatari kwa taifa zima. Moja huzaa mbili. Leo mmempa yeye nyumba isiyo na kidato. Kesho wenzake watataka benki isiyo na kidato, kesho kutwa shule, mwishowe hata ofisi yako huko ghorofa ya pili itabidi ishuke chini. Nilipokuja kuuliza habari za pingamizi nilimkuta mzee mwenye magongo amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, anangoja mtu ampandishie fomu yake. Alikuwa mtulivu sana. Mteremko ukiwekwa pale, mzee yule atapanda mwenyewe, na wale vijana wawili wanaopandisha fomu za watu watakosa thawabu. Sisi wenye mabega tutabaki na mabega. Kwenye sherehe za ukoo, watu wakisimulia walivyohangaika, mimi nitasimulia nini? Kwamba dada yangu alikuja mwenyewe, akaondoka mwenyewe, saa aliyotaka?

Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kutoa njia, nakuwekea mapendekezo matatu ya kuchagua:

(a) Malkia arudishwe nyumbani, dirishani pake. Cherehani yake haijaguswa, isipokuwa imewekewa ndoo juu.

(b) Ikishindikana, tupewe sisi namba kumi na moja. Tuko tisa. Huyo wa namba kumi ahamishiwe mbali, kwa heshima zote, pamoja na bisibisi zake.

(c) Ikishindikana tena, Malkia abaki huko usiku tu, na mchana arudi kwetu kututegemea kama kawaida.

Damu nzito kuliko maji, Mheshimiwa, nami najua utalitazama jambo hili kwa jicho la mzazi. Nisalimie wenzako wote ofisini, bibi wa mapokezi aliyeniazima kalamu, wale vijana wawili wa fomu, na mzee wa magongo kama bado yuko pale chini. Wa kwetu nao wanakusalimu: Mama, mdogo wangu, na hao wake zetu wawili, kila mmoja kwa salamu yake mbali.

Wako mtiifu katika ujenzi wa nyumba zenye vidato,

Seremala, kaka mkubwa wa namba tisa.

Nyongeza. Mheshimiwa, kabla ya kuileta barua hii niliipeleka namba tisa isahihishwe. Usinishangae. Kwetu barua haitoki bila kupita kwa Malkia, na nilikuwa mlangoni pake kabla sijakumbuka barua yenyewe inamhusu nani. Akaisoma yote kwa kalamu mkononi. Herufi kubwa ni zake. Namba nne alicheka mpaka akafuta machozi, hakuikata. Sentensi ya hereni katika namba moja ameiandika yeye. Mimi siku ile sikuziona.

Kisha akaniambia jua limekuchwa, akatoka nami. Nilidhani anakwenda kwa muuza matunda. Tukapita kwa muuza matunda. Tulifika barabarani ndipo nikaelewa kwamba ananisindikiza. Mheshimiwa, ni desturi ndogo tu, kila mtu anaijua: mgeni akiaga, mwenyeji anamtoa. Dada yangu ametoa chai kwa wageni wa nyumba yetu maisha yake yote, na hajawahi kumsindikiza mtu, kwa sababu wageni wote waliishia kwenye vidato vitatu. Mimi nilikuwa wa kwanza. Akasema karibu tena, kaka, akageuza kiti akarudi kwake, wala hakutazama nyuma kama nipo.

Basi naomba pingamizi langu lifutwe, namba zote, nyumba iwe yake. Ya kioo tu ndiyo ibaki.

Ule ubao wa makochi nimeuchukua karakanani leo, nikaulaza kwenye vidato vya mlango wetu, maana Malkia amesema Jumapili atakuja kumwona Mama. Nilikwenda na msumeno nikidhani utahitaji kupunguzwa. Umeenea pale pale, haukuhitaji hata kukatwa.