Mlango wa Kifaranga

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ni leo! Kundi letu la simu limetangaza shindano. Sisi ni watu wazima wenye vitambi na miwani, tuliounganishwa na ile filamu ya anga iliyorushwa kila Jumapili jioni tulipokuwa watoto. Kazi: kukisanifu upya kwenye kompyuta kile chombo kidogo kilichotoka tumboni mwa meli kubwa na kuwateremsha mashujaa kwenye sayari. Jina lake halisi lilikuwa la kigeni, likitushinda ulimi. Sisi tulikiita Kifaranga. Kiwe cha kisasa, amesema mwenyekiti wetu, Mwalimu wa Fizikia mstaafu, lakini aliyekipenda zamani akikiona akitambue.

Mshindi ataitwa Kapteni mwaka mzima. Kapteni! Utotoni sikuwahi kuwa Kapteni hata siku moja. Kapteni alikuwa yule mwenzetu mrefu tuliyemwita Twiga, kwa sababu runinga ilikuwa ya kwao, na mwenye runinga ndiye mwenye anga. Mimi niliambiwa nilinde mlango. Nikaulinda miaka yote ile, na hakuna adui aliyepita. Ahsante sijaipata. Safari hii Twiga atanitambua.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeanza. Kazini nachora makabati kwa kompyuta, basi nimetumia programu ileile. Hadi saa ya chakula Kifaranga kilikuwa na pua butu, madirisha yaliyoinama na mlango ubavuni, upande wa kushoto, ule unaoteremka polepole na kugeuka ngazi. Nilipoujaribu ukashuka, nikausikia mlio wake wa zamani: shiiii-ko! Tulikuwa tukiutoa kwa midomo njiani kurudi nyumbani, mate yakiruka. Dada yangu alitushinda wote kwa sababu alikuwa na pengo. Nikavua miwani nikaipangusa. Nikasingizia vumbi.

Jioni nikamwonyesha mke wangu. Akatazama sana. Akauliza nguo zitatundikwa upande gani.

Nimeondoa vishikio.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Balaa. Nimemtumia mteja Kifaranga badala ya kabati lake la jikoni. Mama wa watu amepiga simu mwenyewe. Amelipenda, ila anaomba droo zaidi, na ameuliza kama ni lazima liwe na moto nyuma. Bosi amesema nichague, jiko au anga. Nimemwambia jiko. Moyoni nimesema anga.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Twiga naye ameingia shindanoni! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na cha kwake amekitembeza kundini pembe zote. Pua imekaa vizuri, sikatai. Rangi pia. Lakini mlango! Ameuweka kulia!

Nikaandika hapohapo kwamba mlango ulikuwa kushoto. Twiga akajibu kwa upole, na huo upole wake ndio unaoudhi, kwamba ulikuwa kulia. Wengine wakamuunga mkono, hata Muuza Miwani, ambaye ningetegemea awe anaona. Fitina tupu! Ni walewale waliokuwa wakikaa mkekani mbele kabisa sebuleni kwa kina Twiga, mpaka leo wanalipa fadhila. Mwalimu akaamua. Filamu yenyewe haipatikani tena popote, kwa hiyo mwenye shahidi amlete Jumamosi ukumbini. Asiyejua mlango wa Kifaranga uko wapi hawezi kuitwa Kapteni.

Shahidi? Ninaye! Nimempigia dada. Nimemuuliza kama filamu ile niliitazama vizuri au sikuitazama. Akacheka. Akasema: wewe tena? Wewe macho yako yalikuwa kwenye kioo mwanzo mpaka mwisho, hata kupepesa hukupepesa. Nikamwambia basi, hayohayo aje ayaseme. Akataka kuongeza neno. Nikakata simu, asije akapunguza utamu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimetangaza kundini kwamba nina shahidi wa tumbo moja, aliyekuwepo. Twiga amejibu kwa kidole gumba. Maskini, hajui kinachomjia.

Jioni nimefanya mazoezi ya saluti mbele ya mke wangu, mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akipiga Kapteni wa filamu. Ameuliza kwa nini wa kushoto. Nimemwambia yeye hakuwepo. Akasema vyombo vipo, Kapteni, na vinamngoja.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Aibu. Naandika ili nipumue.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Kifaranga changu kilipoonyeshwa ukutani, mlango ukashuka taratibu na watu wakaguna kwa raha. Nikamwita dada. Akasimama, akarekebisha mtandio, akaeleza. Sebule ile, akasema, ilikuwa ikijaa watoto pomoni. Mdogo wangu huyu alikuwa mdogo wa umbo kuliko wote, wakamsukuma mpaka nyuma ya mlango, na kutoka pale runinga haionekani. Lakini mbele yake palikuwa na kabati la mama yake Twiga, lile la kioo kirefu. Humo kwenye kioo ndimo alimotazamia, mwanzo mpaka mwisho.

Nilikuwa natikisa kichwa kukubali kila neno. Nikaendelea kutikisa kidogo, kisha nikaacha.

Kioo! Mimi nilielewa kioo cha runinga. Kumbe kioo cha kabati! Kushoto kwangu ndiko kulia kwao. Na ile saluti! Ukumbi ukaangua kicheko. Kulia, kulia, wakaimba, na mimi karibu nilie kweli.

Twiga peke yake hakucheka. Alikuja akaketi karibu nami. Akasema hakujua. Siku zote alidhani nimekaa kule nyuma kwa sababu nalinda mlango, kama alivyoniamuru. Akaniomba radhi, jitu zima, mbele za watu. Kisha akasema mambo ya kompyuta ni mepesi, ukibonyeza mahali pamoja chombo chote kinageuka. Akabonyeza. Mlango ukahamia kulia, makofi yakapigwa.

Nikakitazama, nikaingiwa na ukiwa. Kilikuwa chombo kizuri cha watu wengine. Changu kiliruka ndani ya kabati la mama yake Twiga, juu ya vichwa vya wenzangu, na mlango wake ulifunguka kushoto. Nilikipenda hivyo. Nikamwomba akirudishe. Akakirudisha bila kuuliza. Tukautazama mlango ukishuka tena, na Twiga, mvi zote zile, akatoa mlio kwa mdomo.

Ukapteni amepewa yeye.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimetulia. Nimewaza sana wakati wa kunyoa ndevu, na nimekubali: kumbukumbu hudanganya, na mwenye busara huuliza kabla ya kubisha. Nimemwambia mke wangu maneno haya. Ameniomba niyaandike ukutani, mahali nitakapoyaona.

Mchana Twiga amepiga simu. Anataka tuisanifu ile meli kubwa, mimi na yeye, meza moja, na amenifanya Kapteni Msaidizi. Nikakohoa. Miaka yote hii nilitaka kumshinda, kumbe nilitaka aniite mbele nikae naye. Nimekubali kwa moyo mweupe. (Kapteni akiugua, Msaidizi ndiye anayeshika usukani. Twiga ana mafua.)

Jioni akanitumia mchoro wake wa kwanza. Meli ina mabomba mawili ya moto. Mawili! Yalikuwa matatu! Na hapa hakuna cha kushoto wala kulia, matatu ni matatu hata kwenye kioo. Nayaona kama jana. Nimemwandikia Twiga, nimemwandikia Mwalimu, nimeliandikia kundi zima, na nimewajulisha kwamba shahidi ninaye, yuleyule.

Tangu magharibi nampigia dada. Hapokei. Bila shaka anakusanya kumbukumbu.