Zimwi Langu Halifi

Jumatatu, 4 Machi
Siku nyeusi. Mhariri wetu anakubali kuchapa riwaya yangu, ila sharti zimwi life. Miaka mitatu nimelilea zimwi hili! Nimelifundisha kulia. Nimelipatia hata bibi. Mhariri anasema wazo si lake, ni la Bi Kalamu, msahihishaji, aliyeandika pembeni kwa wino mwekundu: "Zimwi ni zimwi." Mwanamke hana moyo. Meza zetu zinatazamana na hajawahi kuniuliza nimeamkaje. Mimi naamini hakuna kiumbe aliyezaliwa mwovu. Hakuna!

Jumanne, 5 Machi
Nimepata mbinu. Hapa ofisini, prufu, yaani nakala ya mwisho ya kusahihishwa, ikishatiwa saini na Bi Kalamu hulala kwenye trei ya kijani, wala haifunguliwi tena hadi ifike kwa mchapaji. Basi nitaandika kifo. Atie saini. Kisha nitachomoa kurasa hizo na kupachika zangu za awali, za toba. Nimejiogopa mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Nimeliua. Kurasa tano. Nyumbani mama mdogo akauliza nalia nini, nikamsimulia. Akataka kujua zimwi lenyewe limekula nani. Watoto kumi na mmoja, nikasema, sura ya pili. Akaacha kukunja nguo. Na mama zao je, wamesemaje? Nikamjibu kwamba hao si wahusika wakuu. Akasema haya, mwanangu, akaendelea kukunja. Hajasoma nadharia, maskini.

Alhamisi, 7 Machi
Saini imepatikana. Bi Kalamu alipokwenda kula nilichomoa, nikapachika, nikichungulia mlango kama mwizi. Zimwi limesalimika!
Jioni nimefungua mkoba. Kurasa za kifo ni nne. Nne! Ya tano imebaki kwenye trei, na trei imeshakwenda kwa mchapaji. Ukurasa wa 204 zimwi langu linatubu na kukumbatiwa. Ukurasa wa 205 wanakijiji wanashangilia juu ya kaburi lake.

Ijumaa, 8 Machi
Mchapaji ameirudisha prufu. Mhariri alifoka hadi vioo vikatikisika. Nikangoja kusikia jina langu. Bi Kalamu akasimama, akasema ni yeye aliyechanganya kurasa za rasimu ya awali na za mpya. Kapewa barua ya onyo, baada ya miaka kumi na tisa bila doa. Tena akamwambia mhariri kwamba toba ile imemgusa. Zimwi liishi, lakini kwanza likabishe hodi kwa kila mama, milango yote kumi na mmoja. Mhariri akakubali.
Alipopita mezani kwangu alininong'oneza: siku nyingine, mdogo wangu, uhesabu kurasa.
Nimekwenda kujifungia chooni.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari siku mbili na sasa nauona mtego. Anataka nimshukuru! Eti tutazamane kila asubuhi, nami nina deni la fadhila. Hujuma ya hali ya juu. Wengine huzaliwa hivyo, na wema wao ni ujanja mtupu.
Sura ya akina mama nimeimaliza kwa aya moja. Wote wamesamehe.
Nimeanza riwaya mpya, ya msahihishaji mwenye kucha nyekundu anayekunywa wino. Atakufa mwishoni, kurasa sita. Mama mdogo ameuliza kama huyo naye hawezi kubadilika.
Nimemwambia hapana. Zimwi ni zimwi.